Sauti Tano za Walatino wa Marekani: Uanze na Kitabu Gani?

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino, yaani watu wenye asili ya nchi za Amerika zinazosema Kihispania, milioni 62.1, karibu mtu mmoja katika kila watano. Ndani ya hesabu hiyo wamo vitukuu wa wafugaji waliokuwa Texas kabla Texas haijawa ya Marekani, wamo Wapuerto Rico, watu wa kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani, ambao ni raia kwa kuzaliwa, wamo watoto wa vibarua waliosoma hadi vyuo vikuu vyenye majina, na wamo waliovuka jangwa usiku bila karatasi yoyote mfukoni. Msomaji anayetaka kuwafahamu huomba kutajiwa kitabu kimoja, hupewa orodha ya ishirini, na mwisho wake hasomi hata kimoja.

Nimepunguza orodha hadi vitano. Cha zamani kuliko vyote ni Down These Mean Streets cha Piri Thomas, kilichotoka 1967: maisha ya kijana mweusi wa Kipuerto Rico katika mtaa wa Spanish Harlem, New York. Kinafuata Hunger of Memory cha Richard Rodriguez (1982), insha za mtoto wa wahamiaji wa Kimeksiko aliyekulia Sacramento, California, akafundishwa na masista wa Kikatoliki na baadaye akafika vyuo vikuu vya Stanford na Berkeley. The House on Mango Street cha Sandra Cisneros (1984) ndicho kitabu pekee cha kubuni hapa, na msimulizi wake ni Esperanza, msichana wa mtaa wa walalahoi jijini Chicago. Borderlands/La Frontera cha Gloria Anzaldúa (1987) nusu ni insha na nusu ni mashairi, kutoka bonde la mto Rio Grande kusini mwa Texas. Cha mwisho ni Solito cha Javier Zamora (2022), kumbukumbu za safari aliyoifanya mwaka 1999 akiwa na miaka tisa, kutoka El Salvador hadi Marekani, bila mzazi.

Nitavipima kwa maswali manne yale yale. Kitabu kinazungumzia uhamiaji wa namna gani? Kina msimamo gani kuhusu lugha? Kinasema nini kuhusu rangi, jinsia na nafasi ya mtu nyumbani kwao? Na je, kinasomeka kwa wepesi au kwa taabu? Tuzo na idadi ya nakala zilizouzwa nimeziweka kando, maana hazimwambii mtu kama kitabu kitamfaa yeye. Jambo moja la kutanguliza: waandishi hawa hawakubaliani, na wawili kati yao wanapingana waziwazi. Ukimsoma mmoja ukadhani umewasikia Walatino wote, umeshapotea.

Uhamiaji wa namna gani?

Anayetaka safari yenyewe, hatua kwa hatua, aende kwa Zamora. Baba yake aliondoka El Salvador wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1980 hadi 1992, vita ambavyo Marekani ilikuwa ikiifadhili serikali ya huko. Mama naye akaondoka mtoto akiwa bado mdogo. Javier akalelewa na babu na bibi katika mji mdogo wa La Herradura, akisubiri zamu yake. Ilipofika akakabidhiwa kwa msafirishaji wa magendo, wale ambao huko huitwa coyote, kwa ahadi kwamba ndani ya wiki mbili atakuwa kwa wazazi. Ikawa karibu miezi miwili. Babu alimsindikiza mpaka Guatemala, akageuza. Kuanzia hapo ni mashua, mabasi, vizuizi vya barabarani ndani ya Meksiko, na jangwa la Sonora, ambako hawakufanikiwa kwa jaribio la kwanza.

Kinachokifanya kitabu hiki kiwe tofauti ni kwamba hakihubiri. Humo huna takwimu wala hoja za wanasiasa. Una mtoto anayeogopa choo, anayeona haya kuoga mbele ya watu wazima, anayejifunza kusema kama Mmeksiko ili askari wasimgundue. Una pia mama mmoja na bintiye, na kijana mmoja, watu baki kabisa, ambao njiani wanageuka kuwa ndugu zake. Wazazi wake hawajui aliko wiki hadi wiki. Msomaji anajua kuliko wao, na hapo ndipo presha inapompanda.

Kwa Anzaldúa mambo yamegeuka. Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wana msemo kwamba wao hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848, baada ya vita kati ya Marekani na Meksiko, uliipa Marekani karibu nusu ya ardhi ya Meksiko pamoja na watu waliokuwa juu yake. Kutoka huko Anzaldúa anasimulia kisa cha jamaa mmoja, Pedro, aliyekuwa kibarua shambani maofisa wa uhamiaji walipovamia. Akatimua mbio kwa woga. Kiingereza hakijui, hivyo hakuweza kuwaeleza kwamba ukoo wake una vizazi vitano Marekani. Wakampakia ndege hadi Guadalajara, mji wa Meksiko asioujua, akarudi kwao kwa miguu. Ukurasa mmoja tu, lakini unaeleza sheria za uhamiaji zinavyomfikia mtu asiyehama kuliko vitabu vizima vya wanasheria.

Cisneros anauona uhamiaji kupitia dirisha la jirani. Yupo Geraldo, kijana aliyegongwa na gari usiku wa dansi, akafa bila mtu kujua jina lake la ukoo, na kwao hawatajua kamwe kwa nini barua na pesa zimekoma. Yupo mama mnene aliyeletwa na mumewe kutoka kwao, ambaye hashuki ghorofani, anasikiliza redio ya Kihispania na kulilia nyumba aliyoiacha. Sura hizi hazizidi kurasa mbili tatu kila moja.

Thomas na Rodriguez hawana mengi katika kigezo hiki, lakini machache yao yana uzito. Puerto Rico ilichukuliwa na Marekani kutoka Hispania mwaka 1898, na wakazi wake wakapewa uraia mwaka 1917. Kwa hiyo familia ya Thomas haihitaji viza wala haiogopi kufukuzwa, na bado inaishi New York kama wageni: baridi, vibarua vya kubahatisha, mama anayekumbuka kisiwa chake. Rodriguez anakutana na wahamiaji wasio na karatasi mara moja tu, akiwa mwanafunzi wa chuo anayefanya kazi ya ujenzi wakati wa likizo. Mwajiri anamwomba awatafsirie Wameksiko fulani. Anafungua kinywa, na mara anahisi yeye na wale wenye damu moja naye wametengana kabisa.

Lugha

Hapa ndipo uchaguzi wako unapaswa kuamuliwa, hasa kama unaweza kusoma vitabu viwili tu.

Rodriguez aliingia darasa la kwanza akiwa na maneno kama hamsini tu ya Kiingereza. Siku moja masista wakaja nyumbani, wakawaomba wazazi wazungumze Kiingereza na watoto. Wazazi, kwa heshima waliyokuwa nayo kwa kanisa, wakakubali papo hapo. Kijana akafaulu shuleni. Nyumba ikanyamaza. Baba, ambaye kwa Kihispania alikuwa mcheshi, akawa mtu wa maneno machache. Watoto wakaacha kuulizana mambo na wazazi, maana kila sentensi ilikuwa kazi. Rodriguez haifichi hasara hiyo, anaieleza kwa uchungu kuliko hata wapinzani wake. Lakini anashikilia kwamba ilikuwa lazima: mtoto wa maskini anahitaji lugha ya watu wote ili awe raia kamili, na shule inayomfundisha kwa lugha ya nyumbani inamchelewesha. Kwa msimamo huo alipinga elimu ya lugha mbili. Alipinga pia upendeleo wa ajira kwa makabila madogo, akakataa kazi za ualimu wa chuo alizoona amepewa kwa jina lake la Kihispania. Wachikano wengi walimwita msaliti, wahafidhina wakamshangilia. Yeye mwenyewe hakuonekana kustarehe na upande wowote.

Anzaldúa alipitia shule ya aina ile ile akatoka na jibu la kinyume. Alichapwa rula vidoleni kwa kusema Kihispania wakati wa mapumziko. Alisimamishwa kona kwa kumweleza mwalimu jinsi ya kutamka jina lake. Chuoni yeye na Wachikano wenzake walilazimishwa kuchukua masomo ya matamshi ili wafute lafudhi. Mama yake mzazi naye alikuwa upande wa shule, akisononeka kumsikia binti anasema Kiingereza cha Kimeksiko. Msomaji aliyevishwa kidude shingoni katika shule za Kenya kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani hahitaji kuelezwa zaidi. Jawabu la Anzaldúa ni kuandika kitabu kwa lugha zote zilizomlea: Kiingereza, Kihispania cha kitabuni, cha Meksiko kaskazini, cha mitaa ya Texas, na chembe za Kinahuatl, lugha ya Waazteki, watu wa kale wa Meksiko. Pengine anatafsiri, pengine anakuacha uhangaike, na anakusudia. Anasema wazi kwamba mpaka atakapoweza kuandika hivyo bila kulazimika kutafsiri kila mara, lugha yake haijatambuliwa.

Nani ana haki? Binafsi naona Rodriguez ni mwandishi mzuri zaidi kwa sentensi, na udhaifu wake ni kuchukua aibu yake ya utotoni na kuifanya kanuni kwa watoto wote. Anzaldúa ana swali kubwa zaidi, lakini kuna kurasa ambapo miungu ya Waazteki inabeba hoja ambayo ingehitaji ushahidi mwingine. Ukiwasoma kwa kufuatana, kila mmoja anaonyesha pengo la mwenzake.

Kwa wengine watatu lugha ni sehemu ya maisha, haina ubishi mkubwa hivyo. Cisneros ana kichekesho cha baba wa Esperanza ambaye alipofika Marekani alikula mayai na nyama ya nguruwe asubuhi, mchana na jioni kwa miezi mitatu, kwa kuwa ndicho chakula pekee alichojua kukiagiza. Yule mama asiyeshuka ghorofani naye, kilio chake kinazidi siku mtoto wake mchanga anapoanza kuimba tangazo la soda kwa Kiingereza. Thomas anaandika kwa lugha ya vijiwe vya Harlem ya miaka ya 1940, matusi yakiwemo. Zamora anaacha maneno ya Kisalvador yalivyo bila kuyafasiri. Maana unaidaka kadiri unavyosonga mbele.

Rangi, jinsia na nyumbani

Msomaji mweusi atakayetafuta habari zake mwenyewe katika vitabu hivi atazipata kwa Thomas. Piri ana ngozi nyeusi kama baba yake. Ndugu zake wamechukua weupe wa mama. Nyumbani mada hiyo haiguswi. Baba anajitetea kwamba weusi wake ni wa damu ya Kihindi cha Amerika, nduguye José anakataa katakata kwamba kuna mtu mweusi katika familia, na mtaani wazungu wanamwita Piri jina lile lile wanalowaita Wamarekani weusi. Basi anaondoka na rafiki yake mweusi, Brew, kwenda majimbo ya Kusini enzi za ubaguzi wa kisheria, ili aone kwa macho yake yeye ni nani. Anarudi na hasira, anaingia kwenye heroini na ujambazi, anapigana risasi na polisi, na anafungwa miaka saba. Mjadala wa Walatino weusi unaosikika leo ulikuwa tayari umo humu mwaka 1967.

Rodriguez naye ana sura juu ya rangi, na wengi huisahau kwa sababu ya ugomvi wa lugha. Mama yake alikuwa akimwonya asikae juani. Siku moja, bado mvulana, alijifungia bafuni na wembe wa baba yake, akajaribu kukwangua weusi wa mkono. Nywele zikatoka, rangi ikabaki.

Kuhusu wanawake, Cisneros na Anzaldúa wanakamilishana. Cisneros, binti pekee kati ya watoto saba, anawajaza mtaani wasichana waliofungwa na baba au mume: bibi mzaa bibi aliyeishia dirishani, Sally anayeolewa kabla hajamaliza shule ili akimbie kipigo cha baba. Haongei kwa sauti kubwa, na kuna tukio moja la udhalilishaji ambalo msomaji wa haraka anaweza kulipita bila kulitambua. Anzaldúa anasema mchana kweupe: yeye ni msagaji, na utamaduni anaoutetea mbele ya wazungu ndio huo huo uliomwambia mwanamke ana njia tatu tu, utawa, umalaya au ndoa. Kumtetea mzazi hadharani na kumshtaki ndani ya nyumba, yote katika kitabu kimoja, si jambo dogo. Kwa Zamora, kigezo hiki kinaonekana katika malezi: mvulana anayelelewa njiani na wanawake asiowajua, na anayetamani kuonekana mwanamume mbele ya Chino, yule kijana wa kundi lao.

Wepesi na ugumu

Mango Street ndicho chepesi kwa umbo: vipande 44 vifupi, kurasa zisizofika 150, Kiingereza ambacho mwanafunzi wa sekondari anakimudu. Wepesi huo hudanganya kidogo, kwa sababu mambo mazito yamefichwa kati ya mistari. Solito ni kirefu, kinakaribia kurasa 400, lakini kinakwenda kwa kasi, na lugha ni ya mtoto. Aliyechoka na mihadhara atakimaliza. Hunger of Memory ni kifupi ila kinataka utulivu, hoja zake zinajengwa polepole. Down These Mean Streets kinasomeka kama hadithi ya mtaani na kina dawa za kulevya, ngono na damu. Bodi moja ya shule huko Queens, New York, ilikiondoa katika maktaba zake mwaka 1971 na kesi ikafika mahakamani. Mzazi akisome kwanza yeye. Borderlands ndicho kigumu kuliko vyote. Usijilazimishe kukianza ukurasa wa kwanza. Anza na sura inayoitwa How to Tame a Wild Tongue, kisha urudi nyuma.

Uchague kipi, kwa hali gani

Kama wewe ni mwalimu wa sekondari au unamtafutia kijana wa miaka kumi na mitano, chukua Mango Street, na utenge muda wa kuzungumza naye kuhusu sura ngumu. Kama kijana huyo hapendi kusoma kabisa, Solito kinaweza kumkamata zaidi, mradi umwandae kwa yale ya jangwani.

Kama umehamia Marekani, tuseme uko Texas au Arizona na unafanya kazi bega kwa bega na Wameksiko na Wasalvador, mwanzo wako ni Solito. Utapata la kuwauliza wenzako, na utajua lipi usiulize mapema. Waswahili wengi waliofika huko kutoka Kongo kwa njia ya makambi watakuta njia ya Zamora haifanani na yao kisheria, kwani wao walipokelewa kama wakimbizi wenye hati. Usiku wa kusubiri usiojua utaishaje, huo wataufahamu.

Mzazi anayelea watoto ughaibuni na kujiuliza kila jioni aseme nao Kiswahili au Kiingereza amsome Rodriguez. Hata asipokubaliana naye, ataona bei yenyewe ikiwa imeandikwa wazi. Asimalizie hapo, amfuatishe Anzaldúa, angalau ile sura ya lugha.

Anayetafiti masuala ya rangi, au aliyechoshwa na mijadala inayowaweka weusi upande mmoja na Walatino upande mwingine, aanze na Thomas. Mwanafunzi wa fasihi, wa jinsia au wa historia ya mipaka hataweza kumkwepa Anzaldúa, kwa hiyo heri amkabili mapema akiwa na kamusi ya Kihispania karibu.

Na aliye na hamu ya Wakuba au Wadominika ajue kwamba orodha hii imewaacha nje. Cristina García, Dreaming in Cuban (1992), na Julia Alvarez, How the García Girls Lost Their Accents (1991), ndiyo milango ya kawaida.

Kwa kikundi cha usomaji chenye nafasi ya vikao viwili, ningeweka Hunger of Memory kikao cha kwanza na sura tatu nne za Borderlands cha pili, kisha niwagawe wanachama: nusu watetee masista waliokwenda kwa kina Rodriguez, nusu wamtetee mtoto aliyechapwa rula. Wabadilishane pande katikati ya kikao.